Afrika Kusini Ilivyoingia Burundi

Katika mtaa wa Bugolobi, mashariki mwa jiji la Kampala, ipo barabara yenye jina la Albert Luthuli, rais wa chama cha ANC cha Afrika Kusini aliyetunukiwa Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Udugu wa Uganda na chama hicho haukuishia kwenye vibao vya barabara. Mwaka 1989, makubaliano ya uhuru wa Namibia yalipowalazimu wapiganaji wa ANC kuondoka Angola, Uganda iliwapokea na kuwapa makambi. Miaka kumi baadaye zamu iligeuka: viongozi wa kanda hii, chini ya uenyekiti wa Rais Yoweri Museveni, walimwomba Nelson Mandela awapatanishe Warundi.

Kwa nini Burundi ilihitaji mpatanishi? Tarehe 21 Oktoba 1993, askari wa jeshi lililotawaliwa na Watutsi walimuua Melchior Ndadaye, Mhutu aliyeshinda uchaguzi miezi michache tu kabla, na nchi ikatumbukia vitani. Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mapinduzi. Kabla ya mwezi kwisha, majirani walikutana Arusha wakamwekea vikwazo vya biashara.

Wapo wanaosema vikwazo hivyo ndivyo vilivyomsukuma Buyoya kwenye mazungumzo, na wapo wanaosema viliwaumiza wananchi na kuwatajirisha wafanya magendo. Pande zote mbili zina ushahidi. Lakini naona jambo kubwa zaidi ni kwamba majirani walisema kauli moja, na mtawala wa nchi isiyo na bahari hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mwalimu Julius Nyerere alifungua mazungumzo ya Arusha Juni 1998. Yalikwenda polepole, kwa kuwa serikali ya Bujumbura iliishuku Tanzania, iliyohifadhi wakimbizi wengi wa Kihutu. Nyerere alipofariki Oktoba 1999, alihitajika mtu asiye na historia katika ugomvi wa Maziwa Makuu. Mandela alikuwa mgeni kwa maana hiyo njema, na nyuma yake palikuwa na dola yenye uchumi na jeshi. Hakubembeleza. Aliwakemea wanasiasa wa Burundi hadharani, na tarehe 28 Agosti 2000 walitia saini makubaliano ya amani, baadhi yao kwa masharti na manung'uniko.

Hata hivyo, makundi mawili makubwa ya waasi, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hayakusaini. Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Wanasiasa wa Kihutu waliokuwa uhamishoni waliogopa kurudi chini ya ulinzi wa jeshi lile lile; Ghana, Nigeria na Senegal zilipoombwa askari zilitaka kwanza mapigano yasitishwe; na Umoja wa Mataifa nao haukuwa tayari kulinda amani ambayo bado haipo. Mwishoni mwa Oktoba 2001 Afrika Kusini ikaamua kupeleka askari wake yenyewe, wapatao 700, na serikali ya mpito ikaanza kazi tarehe 1 Novemba.

Wengine hueleza uamuzi huo kwa heshima ya Mandela, ambaye ombi lake lilikuwa gumu kukataliwa. Wengine humtazama mrithi wake, Thabo Mbeki, aliyetaka nchi yake ihesabiwe miongoni mwa mataifa yanayoinukia na isikike katika meza za dunia. Maelezo ya pili yana uzito zaidi, kwa sababu heshima ya mzee mmoja haitoshi kugharimia jeshi kwa miaka.

Na gharama ndizo zilizoonyesha mipaka ya nguvu hiyo mpya. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika uliunda kikosi chake cha kwanza cha kulinda amani, humo humo Burundi, kikitegemea Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji. Waethiopia na Wamsumbiji walichelewa hadi Oktoba, wakisubiri misaada ya nchi za Magharibi. Novemba mwaka huo, kwa upatanishi wa Jacob Zuma wa Afrika Kusini, CNDD-FDD ilikubali kuweka silaha chini. Juni 2004, mambo yalipotulia kiasi, Umoja wa Mataifa ukapokea jukumu. Uchaguzi ulifanyika 2005, na Desemba 2007 askari wa Burundi wakawafuata wenzao wa Uganda kulinda amani Mogadishu.

Jaribio la pili lilikuja mwaka 2015, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alipong'ang'ania muhula wa tatu. Desemba hiyo Umoja wa Afrika uliidhinisha askari 5,000, Burundi ikawakataa. Museveni alifungua mazungumzo Entebbe tarehe 28 Desemba, lakini serikali haikutokea kwenye kikao kilichopangwa kufuata Arusha. Safari hii majirani hawakuwa na kauli moja: Rwanda na Burundi zilikuwa zikishutumiana, na hakuna aliyerudisha vikwazo vya 1996. Mwezi Januari wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliuweka kando mpango wa askari. Februari 2016 Zuma, wakati huo akiwa rais wa Afrika Kusini, alifika Bujumbura akiongoza ujumbe wa Umoja wa Afrika, na kilichokubaliwa ni waangalizi 200: nusu wa haki za binadamu, nusu wa kijeshi.