Jalada Lililofungwa Mapema

Mume anapomuua mkewe kisha akajiua, hakuna aliyebaki wa kushtakiwa. Mashahidi hawaitwi kizimbani, majirani hawaapishwi, na jalada hufungwa kabla hajatokea wa kuuliza marehemu aliishije mwaka wake wa mwisho. Naamini kukosekana huko kwa kesi ndiko kulikouchelewesha utafiti wa vifo hivi. Mtafiti D. J. West, katika kitabu chake cha mwaka 1965, alionyesha kuwa takriban theluthi moja ya mauaji ya Uingereza yalifuatiwa na muuaji kujiua, na kwamba wengi wa wauaji hao hawakuwa wahalifu wa kudumu, na sonona ilijitokeza mara nyingi miongoni mwao. Kazi yake ilikuwa makini, ila swali lake kuu lilihusu akili ya muuaji. Mwanamke aliingia humo akiwa maiti tayari.

Mwaka 1990, mjini San Francisco, mwanamume alimuua mkewe akajiua, na safari hii jiji halikuridhika. Lilizifuatilia ofisi ambazo mke huyo alikuwa amezikimbilia, likakuta polisi na mahakama kila upande ukishika kipande chake cha habari. Hapo ndipo ulipoanzia utaratibu wa kupitia upya vifo vya namna hii, ambao Uingereza iliufanya wa lazima kisheria kuanzia 2011. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, muuguzi Jacquelyn Campbell alikuwa amekwisha kuandaa dodoso la kuwauliza wanawake, wangali hai, kuhusu hatari ya kuuawa. Utafiti wake wa miji 11 ya Marekani, uliotoka 2003, ulizitaja hatari zenyewe: bunduki mikononi mwa mwanamume, vitisho vya kuua, na mwanamke kuondoka baada ya kuishi naye.

Wapo watakaosema West alitosha: huu ni ugonjwa, si ubabe. Sonona ni kweli ipo, na anayeugua anastahili tiba. Lakini sonona inaeleza kwa nini mtu anatamani kufa. Haielezi kwa nini mkewe naye asiachwe aishi. Mwaka 2006 mtafiti Jane Koziol-McLain na wenzake walizitenga kesi zilizoishia kwa muuaji kujiua, wakakuta vitisho vya mwanamume vya kujiua ni miongoni mwa alama zinazozipambanua. Kwa hiyo ndugu wanaomsihi mke arudi nyumbani ili mume asijidhuru wanamrudisha penye hatari. Mume atafutiwe daktari siku hiyohiyo, na mke asiwe ndiye dawa yake.