Landless, watwana wa Ulaya, na swali la nani ana nakala

Leo Linux na PHP vinapumzika. Kuna jambo la historia limenikaa kichwani, na mkivumilia hadi mwisho mtaona kwamba halijaenda mbali na kompyuta.

Naishi Thika, mtaa wa Landless. Jina lenyewe ni la Kiingereza: watu wasio na ardhi. Makanga wa matatu wanaliita mchana kutwa na hakuna anayeshtuka. Lakini hebu tulifikirie kidogo. Mtu hakosi ardhi kama anavyokosa chumvi dukani. Udongo upo palepale tangu zamani. Kinachobadilika ni maandishi yanayosema udongo huo ni wa nani. Mimi kazi yangu ni databesi, kwa hiyo nikisikia maandishi yamebadilika huwa nauliza: nani aliyaandika, na nani ana ruhusa ya kuyasahihisha?

Kilichonipeleka Ulaya ya karne za kati ni namba moja katika sheria ya Kenya. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wenyeji wanaoishi kwenye mashamba ya wazungu, yaani maskwota. Ilisema skwota lazima amfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo aruhusiwe kuishi, kulima na kulisha mifugo hapo. Kupewa shamba na kulilipia kwa siku za jasho lako! Huo ndio ukabaila niliousoma shuleni, wa Uingereza miaka 600 nyuma. Nikasema ngoja nilinganishe.

Tuanze na Uingereza. Mtwana wa huko aliishi kwenye nyumba ya fito na udongo iliyoezekwa nyasi, moto katikati, na mara nyingi mifugo ikilala chini ya paa hilohilo. Alikula mkate mweusi wa shayiri au rai, na mchuzi mzito wa njegere, maharage na kabichi. Shamba lake lilikuwa vipande vyembamba vilivyotawanyika katikati ya vipande vya majirani, na sehemu moja ya ardhi ya kijiji iliachwa ipumzike kila mwaka.

Kila wiki alitoa siku 2 au 3 kulima shamba la bwana bila mshahara, na wakati wa mavuno alitoa zaidi. Binti yake akiolewa, alilipa ada. Akifa, bwana alichukua mnyama bora zizini. Kuhama bila ruhusa hakukubaliwa. Nafaka yake ilipaswa kusagwa kwenye kinu cha bwana, na sehemu ya unga ikabaki kinuni kama malipo.

Kijiji kimoja kilikuwa na wakulima wengi na bwana mmoja. Nguvu ilitumika, ndiyo, lakini mpango wote ulishikiliwa na daftari. Mwaka 1086, miaka 20 baada ya kuiteka nchi, mfalme William alituma watu kuandika karibu Uingereza nzima: nani ana ardhi wapi, majembe ya kukokotwa na ng'ombe ni mangapi, vinu ni vingapi. Kitabu hicho kinaitwa Domesday na kipo hadi leo. Baadaye mahakama za mabwana zikawa na rekodi zao, zilizoandikwa kwa Kilatini kwenye ngozi na kukunjwa kama mkeka. Humo ndimo mlimokuwa na majina, vipande vya shamba, madeni na faini. Mtwana hakujua Kilatini, na daftari lilikaa kwa bwana.

Sasa kisa kimoja ambacho mtu wa teknolojia hawezi kukipita. Katika mji wa St Albans mkuu wa monasteri kuanzia 1327 hadi 1336 alikuwa Richard of Wallingford, mtaalamu wa hesabu na nyota aliyebuni saa kubwa ya ajabu. Kwa lugha yetu, alikuwa mtundu wa mitambo haswa. Bwana huyu aliwanyang'anya wenyeji mawe yao ya kusagia kwa mkono ili wote wasage kwenye vinu vya monasteri, kisha akayatandaza mawe hayo yawe sakafu ya ukumbi wake. Wenyeji hawakusahau. Mwaka 1381, baada ya kodi ya kichwa kupandishwa, wakulima wa Uingereza waliasi. Huko St Albans waliingia wakaing'oa sakafu, wakagawana vipande vya mawe. Wakamlazimisha mkuu wa wakati huo atoe hati za monasteri, wakazichoma. Sehemu nyingi za nchi waasi walifanya vilevile: walitafuta daftari kwanza.

Uasi ulizimwa na viongozi wakauawa. Lakini jambo lingine lilikuwa linatendeka polepole. Tauni ya 1348 na 1349 ilikuwa imeua watu wengi sana, wafanyakazi wakawa adimu, na mabwana wakalazimika kulegeza masharti. Ikazoeleka mkulima kupewa nakala ya mstari wake kutoka kwenye rekodi ya mahakama. Karatasi hiyo ikawa ushahidi wake, na hatimaye mahakama za mfalme zikakubali kuisikiliza hata dhidi ya bwana. Umiliki huo uliitwa kwa jina la nakala yenyewe, na ulidumu kisheria hadi mwaka 1926. Daftari lililomfunga babu lilikuwa limegeuka kinga ya mjukuu, kwa sababu tu mjukuu alikuwa na nakala inayosikilizwa.

Turudi nyumbani. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na mashamba ya kahawa na mkonge ya masetla yakatapakaa pande hizi. Mtwana akitoa siku 3 kwa wiki, hiyo ni 156 kwa mwaka. Skwota alianzia 180, na sheria ya 1937 ikaruhusu halmashauri za masetla kupandisha hadi 270 na kupunguza mifugo yake. Kweli, skwota alilipwa mshahara kidogo na mtwana hakulipwa, na mwanzoni wengi walihamia mashamba hayo kwa hiari wakifuata malisho. Si kitu kimoja. Ila tazama malisho yalivyoisha: mwishoni mwa miaka ya 1920 maskwota wa Bonde la Ufa walikuwa na jina la kuondolewa kwa mifugo yao. Waliita kifagio.

Halafu kuna kipande. Kuanzia 1920 kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye jina, alama za vidole, mwajiri na mshahara, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Alama za vidole ziliwekwa pia Nairobi, ili aliyetoroka kazi asakwe. Kwa wakati wake hiyo ilikuwa databesi ya hali ya juu. Harry Thuku aliipinga, pamoja na kodi na mishahara iliyokatwa, akakamatwa. Tarehe 16 Machi 1922 polisi waliufyatulia risasi umati uliokuwa ukidai aachiliwe. Mwaka 1947 sheria ya kuandikishwa ilipopanuliwa iguse watu wa rangi zote, masetla nao walilalamika kuchukuliwa alama za vidole!

Ndugu msomaji, utaniuliza: huyu wa kipande si alikuwa na nakala shingoni? Swali zuri. Alikuwa nayo, lakini ruhusa ya kuandika ilikuwa kwa mwajiri. Mwajiri asiposaini kwamba umeachishwa, huwezi kuajiriwa kwingine. Ile nakala ilimshtaki tu, haikumtetea. Na kuhusu ardhi hakuwa na nakala yoyote: haki yake ya kukaa shambani ilikwisha pale mkataba wa kazi ulipokwisha, hata awe amezaliwa hapo.

Kwenye ardhi ya Wakikuyu wenyewe kulikuwa na ahoi, watu waliolima kwenye ardhi ya ukoo mwingine kwa makubaliano ya mdomo. Ushahidi wao ulikuwa kumbukumbu za wazee. Wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, serikali iliwahamishia watu vijijini kwa nguvu, na tangu 1954 ikakusanya vipande vya mashamba na kuviandika upya. Waliokuwa kizuizini au msituni hawakuwepo kutetea vyao. Ahoi hawakuwa na karatasi. Makarani waliandika majina ya waliokuwepo.

Na hapa ndipo nilipoweka kikombe chini. Sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya 1963 ilizipa mahakama uwezo wa kusahihisha rejista penye udanganyifu au makosa, isipokuwa usajili wa kwanza. Yaani aliyewahi kuandikwa kwanza, hata kwa hila, hafutiki. Katika programu ungeiita safu ambayo ikishaingizwa haihaririwi na mtu yeyote, kisha ukajenga nchi nzima juu yake. Kifungu hicho kilidumu hadi sheria mpya ya usajili wa ardhi ya 2012.

Nasema haya kwa sababu sisi mafundi tunapenda kudhani kompyuta inaponya. Aprili 2021 serikali ilizindua mfumo wa Ardhisasa, rekodi za ardhi mtandaoni, kwa kuanzia Nairobi. Naunga mkono, mafaili yanayopotea makabatini yametutesa vya kutosha. Lakini skana inanakili kilichoandikwa. Aliyeachwa nje mwaka 1956 anabaki nje, sasa kwa kasi zaidi.

Kwa hiyo ukijenga mfumo wowote unaoandika watu, iwe ni wa chama cha ushirika, wa karo za shule au wa kodi za nyumba hapa mtaani, usiishie kuuliza kama rekodi ni salama. Uliza kama mtu anayeandikwa anapata nakala anayoweza kuisoma, na kama kuna mlango wa kusahihisha. Katiba ya 2010, ibara ya 35, inampa kila mtu haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli zinazomhusu. Mwingereza alingoja vizazi kupata nakala yake. Yetu imeshaandikwa kwenye katiba, imebaki kuiweka ndani ya programu.