Bendera Nyekundu Barabarani

Mukuyuni, katika vilima vya Ukambani, jina lake latokana na mti wa mkuyu. Huko adui mkubwa wa barabara ni mvua. Maji hushuka kwa nguvu, yakala kingo za njia na kuyaziba makalavati kwa mchanga. Kwa hiyo barabara ikishachongwa, kazi yake haijaisha. Ndiyo kwanza imeanza.

Barabara ya Kapteni Sclater, iliyoanzia Kibwezi mwaka 1895 kuelekea Ziwa Viktoria, ilikuwa njia ya magari ya ng'ombe. Mshika sururu wa siku zile aliogopa homa, kiu na simba. Gari la ng'ombe lenyewe lilimpa nafasi ya kusogea kando. Lori halimpi.

Mwaka 1974 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa barabara za vijijini, zilizojengwa kwa majembe na sururu zaidi kuliko kwa mitambo. Zilipokwisha, mkazi wa jirani alipewa kipande cha kilomita moja au mbili akitunze: afyeke majani, azibue mitaro, ajaze mashimo. Mtu huyo aliyeinama mtaroni ulinzi wake ulikuwa masikio yake.

Katika barabara kuu ya Mombasa, ipitayo Salama na Emali katika kaunti hiyo hiyo ya Makueni, masikio hayatoshi. Huwekwa mtu wa bendera nyekundu. Lakini dereva akisinzia, au breki zikikatika, wa kwanza kugongwa ni nani? Ni yule yule aliyewekwa awalinde wenzake.

Nchi tajiri ziliweka nyuma ya kikosi lori lenye sanduku la chuma linalokunjamana likigongwa. Wafanya kazi wakapona, ila ndani ya lori hilo aliketi dereva akingoja kugongwa! Agosti 2017, huko Colorado, Marekani, idara ya barabara ilianza kutumia lori la namna hiyo lisilohitaji dereva. Gari la mbele huendeshwa na mtu. Hujua mahali lilipo kwa setilaiti na kulipasha la nyuma habari, nalo hufuata nyayo zake zile zile.

Historia ina mizaha yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1865 iliamuru mtu atembee mbele ya gari la mvuke na bendera nyekundu, ili watu waepushwe na gari. Sasa gari lisilo mtu hutambaa nyuma ya watu ili liwakinge.

Sidhani lori hilo litafika Mukuyuni upesi. Bei yake ni kubwa, na njia za changarawe zina kona nyingi. Hata hivyo lori la kawaida lililoegeshwa nyuma ya kikosi, breki zimefungwa na dereva ameshuka, hufanya sehemu ya kazi hiyo. Na matawi mabichi yaliyolazwa njiani kabla ya kona, ambayo kila dereva wa Kenya huyaelewa, hayahitaji mtu wa kusimama kando yake.