Mashua Mbili Bandarini Gaza

Gaza ni kipande chembamba cha nchi kando ya Bahari ya Mediterania. Urefu wake ni kilomita 41 hivi. Upana wake, mahali pengine, hata 7 haufiki. Mwaka 2007 chama cha Hamas kilitwaa utawala huko, nayo Israeli ikafunga njia za nchi kavu na za bahari. Misri pia ikafunga mlango wa kusini. Israeli ilisema: Twazuia silaha. Lakini walioumia hasa ni watu wa kawaida, karibu milioni moja na nusu: wagonjwa wasioweza kwenda hospitali za nje, wavuvi waliokatazwa kwenda mbali, wajenzi waliokosa saruji.

Basi, mtu asiye na jeshi wala serikali aweza kufanya nini? Watu wa nchi mbalimbali walijiuliza hivyo. Wakachanga fedha, wakanunua mashua mbili, wakaziita Free Gaza na Liberty. Tarehe 22 mwezi wa nane 2008 zilitoka Larnaca, katika kisiwa cha Kipro, na watu 44 wa mataifa 17. Kati yao walikuwamo Sista Anne Montgomery, mtawa wa Marekani, na Jeff Halper, Mwisraeli aliyezoea kuwasaidia Wapalestina kujenga tena nyumba zao zilizobomolewa. Silaha hawakuwa nayo hata moja.

Walichukua nini? Vyombo 200 vya kuwasaidia watoto viziwi wasikie, na mapira 5,000 ya kupuliza. Kidogo mno! Lakini kesho yake jioni waliingia bandarini, na Israeli haikuwazuia. Tangu vita vya 1967 mashua za kigeni hazikufika pale namna hiyo. Maelfu ya watu walisimama pwani, na vijana wakajitupa majini kuwapokea. Wakati wa kurudi, mashua zilichukua Wapalestina wachache. Mmoja alikuwa kijana aliyepoteza mguu, ambaye alitafuta matibabu. Halper alirudi kwa njia ya nchi kavu, akakamatwa na polisi wa nchi yake.

Mlango haukukaa wazi. Mwisho wa mwaka ule ule mashua Dignity, iliyobeba dawa na waganga, iligongwa baharini na merikebu ya vita ya Israeli. Tarehe 31 mwezi wa tano 2010 askari walishukia merikebu Mavi Marmara. Baadhi ya abiria wakawapinga kwa fimbo na vyuma. Abiria tisa walikufa, na wa kumi alifariki mwaka 2014. Baada ya hayo Israeli ililegeza kidogo sheria za bidhaa. Mwaka 2025 mashua zaidi ya 40 zilijaribu tena, zikakamatwa.

Je, kazi ile ilikuwa bure? Sivyo. Vyombo 200 havishibishi mji. Lakini aliyefungiwa huogopa njaa, na zaidi ya njaa huogopa kusahauliwa. Siku ile watu wa Gaza waliona kwa macho yao kwamba hawakusahauliwa. Tena dunia iliona kwamba kufungwa kwa bahari si kazi ya mawimbi wala ya upepo: ni amri ya watu, na amri ya watu, watu waweza kuiondoa.