Sahani za Fedha, Bila Tone la Maji

Kila anayeandika kuhusu Valletta, mji mkuu wa Malta, hakosi kutaja sahani za fedha. Sacra Infermeria, hospitali ya watawa-wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, iliwalisha wagonjwa wake kwa vyombo vya fedha, na siku hizi wasimulizi wametia chumvi: eti watawa wale walijua kuwa fedha inaua vijidudu. Walijulia wapi? Kina Pasteur na Koch walithibitisha kazi ya vijidudu katika karne ya 19, sahani zenyewe zikiwa zimekwisha kuporwa zamani. Usafi waliutaka, sikatai, maana chombo cha fedha huoshwa kikatakata. Lakini zaidi walitaka heshima. Kwa desturi yao mgonjwa aliitwa bwana na wao wakawa watumishi wake, na bwana halishwi kwenye kifuu.

Asili ya mji inajulikana. Waturuki walikizingira kisiwa mwaka 1565 wakashindwa, na mwaka uliofuata Jean de Valette, Mkuu wa Shirika la watawa hao, akaanzisha mji unaobeba jina lake. Mwaka 1574, enzi za Mkuu Jean de la Cassière, hospitali ikaanza kujengwa karibu na ngome ya St Elmo, juu ya Bandari Kuu. Wodi yake kubwa ina urefu wa mita 155. Tajiri na fukara walipokewa humo, na mgeni wa dini nyingine hakufukuzwa. Watumwa nao walitibiwa, ila walilazwa peke yao. Mwaka 1676 Mkuu Nicolas Cotoner akaanzisha hapo shule ya anatomia na upasuaji. Hayo yote ni ya kusifiwa, na wanahistoria wa Shirika hawajachoka kuyasifu.

Mimi namsikiliza zaidi John Howard, Mwingereza aliyezunguka Ulaya akikagua magereza na hospitali. Alifika Malta mwaka 1786, akakuta wagonjwa zaidi ya 500. Wodi zilinuka hata ikabidi zifukizwe manukato, na daktari alipopita vitandani alijiziba pua kwa leso. Watumishi walikuwa 22 tu, na wengi wao ni wadeni au wahalifu waliokimbilia humo kujificha. Siku moja aliwakuta wanane au tisa kati yao wakimcheka mgonjwa aliyekuwa akiweweseka, yu karibu kukata roho.

Kisha akaenda kwenye mabanda ya Mkuu wa Shirika. Huko kulikuwa na farasi 26 hivi na baghala idadi hiyohiyo, na karibu watu 40 wa kuwatunza. Kila mahali safi. Katikati ya kila banda maji yalichururika mfululizo kwenye beseni la jiwe. Hospitalini pia palitengwa mahali pa kuwekea maji ya namna hiyo, lakini hapakuwa na tone.

Watetezi wa Shirika husema Howard alikuwa Mprotestanti mkali, mzoefu wa kutafuta kasoro, tena alifika wakati Shirika limeshachakaa. Sawa. Lakini watumishi 22 hawaongezeki kwa sababu aliyewahesabu ni Mprotestanti. Kwangu mimi hospitali hupimwa kwa mikono inayomgeuza mgonjwa kitandani, na mikono hiyo Sacra Infermeria haikuwa nayo ya kutosha.

Tena mali ya kugharimia sahani hizo za fedha ilitoka wapi? Sehemu ilitokana na mashamba ya Shirika huko Ulaya. Sehemu nyingine ilitokana na kuteka merikebu za Waislamu baharini. Mateka waliuzwa Valletta au wakafungwa minyororo kwenye makasia ya merikebu za Shirika, katika bandari ileile inayoonekana kutoka hospitalini. Anayeandika juu ya sahani akaliruka hili ameandika nusu ya habari.

Yaliyofuata ni ya haraka. Mwaka 1798 Bonaparte alikiteka kisiwa akielekea Misri, akawafukuza watawa, akawaachia huru watumwa, na fedha ya hospitali ikayeyushwa kulipia jeshi. Waingereza waliokitwaa kisiwa baadaye wakaligeuza jengo kuwa hospitali ya askari kwa zaidi ya karne. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yakalibomoa vibaya. Mwaka 1979 likafunguliwa upya kama ukumbi wa mikutano, likashika moto mwaka 1987, likatengenezwa tena. Leo watu hufanyia karamu ndani ya wodi ile ndefu, na sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni juu ya Caterina Scappi. Mwanamke huyu, aliyeitwa La Senese kwa kuwa asili yake ni Siena, alianzisha mnamo 1625 hospitali ya wanawake maskini waliougua maradhi yasiyopona. Alifanya hivyo kwa sababu Sacra Infermeria, pamoja na sahani zake zote, haikulaza wanawake. Hakuwa na merikebu wala makasia ya watumwa. Alitumia mali yake mwenyewe, na alipofariki aliiachia hospitali ile urithi wake. Shirika ndilo likaja kuiendesha, lile lile lililowaacha wanawake mlangoni kwa nusu karne. Kuhusu sahani, msimulizi yeyote wa Valletta atakueleza bila kuulizwa. Jina la Scappi itabidi umuulize mwenyewe.