Kununua nyumba katika mji mdogo nchini Uganda: Ardhi iliyo chini yake ni ya nani?

Katika miji midogo kama Kyotera, Luweero au Kitgum, nyumba ya kawaida haina ghorofa. Ina kuta za matofali ya kuchoma, paa la mabati, vyumba vitatu au vinne, na jiko na choo nyuma yake. Mara nyingi kiwanja chake hutajwa kwa futi, 50 kwa 100, yaani takriban sehemu moja ya tisa ya eka. Mnunuzi huchunguza nyufa, dari na dalili za mchwa, na ni vyema afanye hivyo. Lakini ukuta wenye ufa hutengenezeka. Haki ya ardhi ikiwa na dosari, mnunuzi aweza kupoteza nyumba na fedha zake kwa pamoja.

Aina nne za umiliki

Katiba ya mwaka 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi. Ya kwanza ni ya kimila, ambayo imeenea sana kaskazini mwa nchi, ambako ardhi nyingi husimamiwa na familia au ukoo. Ya pili ni umiliki huru usio na ukomo wa muda. Ya tatu ni mailo, iliyotokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, wakati machifu na familia ya Kabaka walipogawiwa ardhi kwa maili za mraba. Ya nne ni ukodishaji wa muda maalumu.

Asiye raia wa Uganda haruhusiwi kumiliki ardhi kwa njia tatu za kwanza. Yeye hupata ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Jambo hili lawahusu moja kwa moja wasikilizaji waliotoka Kongo, Burundi au nchi nyingine jirani ambao hawajapata uraia.

Kibanja si hati miliki

Ardhi ya mailo ilipogawanywa, wakulima waliokuwa wakiishi juu yake walibaki pale kama wapangaji. Sehemu anayoikalia mpangaji wa aina hiyo huitwa kibanja, na kodi yake ya mwaka kwa mwenye ardhi huitwa busuulu. Hivyo kiwanja kimoja huweza kuwa na watu wawili wenye haki: mwenye hati na mwenye kibanja.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamlinda mpangaji anayetambuliwa na sheria. Marekebisho ya mwaka 2010 yaliweka bayana kwamba hawezi kufukuzwa ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu ya kutolipa busuulu. Kwa hiyo anayenunua hati huku kibanja kikikaliwa na mtu mwingine hununua pamoja na mpangaji huyo, na hawezi kumwondoa kwa kuonyesha hati mpya.

Anayeuziwa kibanja naye ana hatari yake. Mwenye kibanja anatakiwa kumpa mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua. Asipofanya hivyo, mauzo ni batili, naye huhesabiwa kuwa ametenda kosa na ardhi humrudia mwenye hati. Kwa hiyo mnunuzi wa kibanja adai idhini ya maandishi ya mwenye ardhi pamoja na stakabadhi za busuulu kabla ya kulipa chochote.

Uchunguzi kabla ya malipo

Ikiwa ardhi ina hati, chukua namba zake uende ofisi ya ardhi ya serikali ya kanda husika, uombe taarifa ya sajili. Taarifa hiyo huonyesha jina la mmiliki, ukubwa wa kiwanja, na kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu anayedai haki. Kisha mwajiri mpima ardhi mwenye leseni ahakikishe kuwa mawe ya mipaka yanalingana na ramani, na kuwa kiwanja hakimo katika ardhioevu au hifadhi ya barabara.

Ardhi isiyo na hati huchunguzwa kwa watu. Waulizeni majirani wa pande zote nne, wazee wa ukoo na mwenyekiti wa LC1. Muhuri wa LC1 ni ushahidi kwamba mapatano yalishuhudiwa, lakini haumfanyi muuzaji kuwa mmiliki.

Ikiwa familia inaishi hapo au inajikimu kwa ardhi hiyo, sheria inataka idhini ya mume au mke wa muuzaji. Idhini hiyo iwe ya maandishi, na mwenye kuitoa aitie sahihi yeye mwenyewe. Mauzo yasiyo na idhini hiyo yaweza kubatilishwa hata baada ya fedha kulipwa.

Uliza pia kibali cha ujenzi. Tangu mwaka 2010 nchi nzima ni eneo la mipango miji, kwa hiyo udogo wa mji si udhuru wa kujenga bila kibali.

Lugha ya mkataba

Mikataba mingi huandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma humhesabu pia mtu asiyeielewa lugha ya waraka husika. Aliyeuandika waraka kwa niaba ya mtu huyo anapaswa kuandika humo jina lake kamili na anwani yake, akithibitisha kuwa ameusoma na kuufafanua. Msikilizaji aliyezoea Kiswahili ana haki ya kusomewa mkataba kwa lugha anayoifahamu kabla ya kutia sahihi. Ni bora anayemsomea asiwe dalali wala ndugu wa muuzaji.

Baada ya sahihi

Lipa kupitia benki mbele ya wakili, upate stakabadhi. Kwa ardhi yenye hati, mthamini wa serikali hukadiria thamani, na mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani hiyo. Ndipo maombi ya uhamisho huwasilishwa ofisi ya ardhi. Mpaka jina jipya liandikwe katika sajili, mmiliki anayetambuliwa humo bado ni muuzaji, hata kama mnunuzi amekwisha kuhamia na kubadilisha kufuli.