Nani Ana Ruhusa ya Kukasirika?

Tarehe 5 Julai 1975, katikati ya fainali ya Wimbledon, Arthur Ashe alikaa kitini akafunga macho. Maelfu ya watu walikuwa wanamtazama. Kila wachezaji walipobadilisha upande alirudia vile vile: mgongo wima, macho yamefungwa, ametulia kama mtu anayengoja matatu na hana haraka nayo. Hata viti vyenyewe vilikuwa kitu kipya. Mwaka huo ndio Wimbledon ilianza kuwawekea wachezaji mahali pa kukaa wakati wa kubadilisha upande.

Aliyekuwa anacheza naye ni Jimmy Connors, kijana wa miaka 22, bingwa mtetezi, namba moja duniani. Mwaka 1974 Connors alishinda mechi 99 na kupoteza nne tu. Ashe alikuwa amebakisha siku tano kufikisha miaka 32. Walikuwa wamekutana mara tatu, na mara zote tatu Ashe alipigwa. Juu ya hayo, Connors alikuwa amemshtaki kortini akidai fidia ya mamilioni ya dola, kwa sababu Ashe alimkosoa hadharani kwa kutoichezea Marekani kwenye Davis Cup. Ashe alijibu bila kufungua mdomo: aliingia uwanjani amevaa jaketi ya timu ya Davis Cup, herufi USA zimeandikwa kubwa.

Connors alikuwa mtu wa moto. Alijipiga paja, alinguruma akipiga mpira, aligombana na waamuzi, aliongea na mashabiki. Si ati alikuwa amekosa adabu tu. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuweka akili mahali pamoja. Kuna mchezaji ambaye kimya kinampoteza. Anahitaji adui, makelele na presha ndiyo aamke. Na mchezo wake ulifanana na tabia yake: alipenda mpira wa kasi, kwa sababu kasi yako ndiyo aliyotumia kukumaliza. Ukimtumia mpira mkali anakurudishia na riba, kama mkopo wa simu.

Sasa, Ashe pia kwa asili alikuwa mpigaji. Alipenda kujaribu mipira ya hatari, kupiga kwa nguvu kisha kuona itakuwaje. Siku hiyo akaacha yote. Alianzisha mpira kwa kuupinda hadi nje ya uwanja, akapiga mipira laini na ya chini upande wa mkono wa kushoto wa Connors, akainua mingine ikapita juu ya kichwa chake. Hakumpa kasi wala hakumpa ugomvi. Seti ya kwanza 6-1. Ya pili 6-1.

Kisha Connors akaamka. Akachukua seti ya tatu 7-5, na kwenye ya nne akaongoza 3-0. Hapa ndipo akili ya mchezaji hujaribiwa. Sauti ya ndani inakuambia mpango umekufa, rudi kwa mambo uliyozoea, piga kwa nguvu. Ashe alifunga macho kitini, akainuka, akaendelea na mipira yake laini. Akashinda seti hiyo 6-4, akawa mwanamume wa kwanza mweusi kuwa bingwa wa Wimbledon.

Mwaka mmoja kabla ya mechi hiyo, Timothy Gallwey alikuwa ametoa kitabu kinachoitwa The Inner Game of Tennis. Hoja yake ni rahisi: ndani ya mchezaji kuna wawili, mmoja anayetoa amri na matusi, mwingine anayecheza. Huyo wa kwanza mpe kazi ndogo ili anyamaze. Mwambie atazame mshono wa mpira unavyozunguka, au ataje kila mdundo na kila pigo. Mbinu hiyo inasaidia watu hadi leo, na ni rahisi kumtazama Ashe kitini ukadhani utulivu wake ni wa aina hiyo hiyo.

Lakini utulivu wa Ashe haukutoka kwa kitabu. Ulitoka Richmond, Virginia, alikozaliwa mwaka 1943, mji ambao viwanja vizuri vya tenisi vilikuwa vya wazungu peke yao. Baba yake alikuwa msimamizi wa bustani ya umma ya watu weusi, na Arthur alikulia humo, karibu na viwanja vyake. Likizo za kiangazi alipelekwa Lynchburg kwa daktari mweusi, Robert Walter Johnson, aliyewahi pia kumlea kimchezo Althea Gibson, bingwa wa Wimbledon wa 1957 na 1958. Sheria za daktari zilikuwa kali. Usibishane na mwamuzi. Usitupe raketi. Mpira wa mpinzani ukitoka nje kidogo tu ya mstari, urudishe kana kwamba umeingia. Sababu? Waandaaji wazungu walikuwa wanatafuta kisingizio kidogo tu cha kuwafukuza watoto hawa.

Yaani kabla ya kuwa mbinu ya ushindi, utulivu ule ulikuwa kibali cha kuingia. Björn Borg, yule Msweden aliyeitwa barafu, naye alitupa raketi utotoni, klabu ikamfungia kwa muda, kisha akarudi. Mtoto mweusi wa Virginia angefanya vile, pengine mlango ungefungwa kwake na kwa wote waliomfuata.

Hii haimaanishi moto ni ubaya. Mwaka 1991, siku aliyotimiza miaka 39, Connors alimshinda Aaron Krickstein kwa seti tano kwenye US Open, uwanja mzima ukipiga kelele naye, kisha akafika nusu fainali. Mkalishe huyo jamaa kimya na macho yamefungwa, utamwua.

Kwa hivyo ukiambiwa kazini au shuleni "tulia", uliza kwanza: utulivu huu unanisaidia mimi, au unamsaidia anayeogopa hasira yangu? Ashe alijua tofauti. Mwaka 1985 alikamatwa Washington akipinga ubaguzi wa Afrika Kusini nje ya ubalozi wake. Mwaka 1992, tayari akiwa mgonjwa, alikamatwa tena nje ya Ikulu ya Marekani akitetea wakimbizi wa Haiti. Hasira ilikuwepo miaka yote. Alichagua tu mahali pa kuitumia.